Lualaba Kutoka Juu

 

Leo naanza na radi. Mwaka 2016 watafiti walitoa orodha ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi kuliko zote. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo, kule Venezuela. Ya pili wameipa jina la Kabare, hapa hapa Kongo. Ya tatu wameipa jina la Kampene. Ndiyo, Kampene ya teritwari ya Pangi, jirani zetu, jimbo letu la Maniema. Walihesabu karibu radi 177 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Mara nyingi dunia inapotoa orodha ya vitu vikubwa, Maniema haimo. Katika hii tumo, tena mbele kabisa.

Hakuna mtu aliyekaa Kampene na daftari akihesabu. Kazi hiyo ilifanywa na chombo kilichobebwa na satelaiti iliyoitwa TRMM, ya Marekani na Japani, iliyorushwa Novemba 1997 na kufanya kazi hadi 2015. Kila ilipopita juu yetu, chombo hicho kilikuwa kinatafuta mwanga wa aina moja tu, ule ambao umeme unautoa unapopasua hewa. Kiliuona hata mchana, hata juu ya mawingu mazito. Miaka ikapita, hesabu ikajaa, ramani ikachorwa. Na ramani ilipochorwa, ilionekana kwamba mashariki ya Kongo, pale hewa yenye unyevunyevu inapopandishwa na milima iliyo magharibi ya maziwa makubwa, ndiyo moja ya viwanda vikuu vya radi duniani.

Sasa nawauliza walimu wanaonisikiliza: ni mtoto gani wa Maniema aliyefundishwa jambo hili darasani? Kwetu mtu akipigwa na radi, mara nyingi matanga hayajaisha, maneno yameshaanza. Nani kaituma? Ni yule mzee asiye na watoto. Ni yule mjane. Watu wamefukuzwa vijijini mwao kwa sababu ya wingu la saa tisa alasiri. Ninasema hili kwa uchungu, kwa sababu elimu ya kuwaokoa ipo, imehesabiwa juu ya vichwa vyetu wenyewe, na hatujaipeleka darasani. Mtoto anayejua kwamba tunaishi jirani na mahali pa tatu kwa radi duniani hatasubiri mvua imkute chini ya mwembe. Atajua kutoka mtoni, kuacha mtumbwi, kuingia katika nyumba imara. Atajua pia kuhesabu: ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawa kwa tatu, utapata kilomita ngapi radi iko mbali nawe. Hesabu hiyo haihitaji simu wala umeme.

Ndiyo mada yangu ya leo, wapendwa. Juu ya vichwa vyetu zinapita satelaiti nyingi zinazopima mvua yetu, mto wetu, msitu wetu na moto wa kiangazi chetu. Vipimo hivyo na masomo ya kuvielewa vimewekwa wazi, bila malipo. Na mimi naona ni haki ya shule zetu za hapa Nyangwe, kando ya Lualaba, kuvitumia kuliko shule nyingine yoyote duniani, na nitawaeleza kwa nini.

Nyangwe imezoea kupimwa. Tarehe 29 Machi 1871 msafiri David Livingstone aliingia hapa akiwa amechoka na mgonjwa, na swali lake lilikuwa moja: mto huu unakwenda wapi? Yeye aliamini kwamba Lualaba ndiyo chanzo cha Nili. Alikaa miezi akitafuta mitumbwi ya kushuka nayo, hakuipata. Mwaka 1874 akaja msafiri mwingine, Verney Lovett Cameron. Huyu alipima kimo cha mahali hapa kutoka usawa wa bahari, akakuta kwamba maji ya Lualaba hapa Nyangwe yako chini kuliko maji ya Nili pale Gondokoro, karibu na Juba ya leo. Maji hayapandi mlima. Akajua mto huu hauwezi kuwa Nili, lazima ni Kongo. Miaka miwili baadaye, Novemba 1876, Stanley aliondoka hapa na watu wa mfanyabiashara Tippu Tip kufuata mto, akatokea Boma Agosti 1877, na mabishano yakaisha.

Ninaieleza habari hii kwa sababu ya jambo moja linaloniuma. Kipimo kilichukuliwa hapa, kwenye ukingo huu tunaouona. Mitumbwi ilikuwa ya Wagenya, ambao mto wote wa sehemu hii waliujua kwa kasia. Lakini jibu liliandikwa London, likasomwa London, na shule zetu zikaja kulipokea baadaye kama habari ya mashujaa wa watu wengine. Zaidi ya miaka 150 imepita, na mto unaendelea kupimwa. Tofauti ni kwamba safari hii daftari limeachwa wazi kwa yeyote anayetaka kusoma. Tukiliacha tena, hatutakuwa na wa kumlaumu.

Basi mto unapimwaje leo? Kuna satelaiti zinazobeba rada inayotazama chini moja kwa moja. Inatuma ishara, ishara inagonga maji na kurudi, kama mtu anavyopiga kelele mbele ya mwamba akasubiri mwangwi. Kwa kuwa ishara hiyo inakwenda kilomita laki tatu kwa sekunde, na saa ya chombo ni sahihi mno, muda wa kwenda na kurudi unaonyesha umbali. Umbali ukiongezeka, mto umeshuka. Ukipungua, mto umepanda. Kazi hii ilianzia baharini, TOPEX/Poseidon ikaifanya tangu mwaka 1992, ikaonekana inafaa pia kwa maziwa na mito mipana. Tarehe 16 Desemba 2022 Marekani na Ufaransa zilirusha nyingine iitwayo SWOT. Zile za zamani zilipima mstari mmoja tu chini ya njia yao. Hii inatazama ukanda mpana kushoto na kulia, na iliundwa ili ione mito yenye upana wa mita 100 na zaidi. Wavuvi wa Nyangwe wanajua upana wa Lualaba. Mto wetu umo ndani ya macho yake bila shaka yoyote.

Na hapa kuna somo ambalo ningetamani kila darasa la sekondari lilifanye. Ziwa Tanganyika linatoa maji yake kwa mlango mmoja, mto Lukuga, pale Kalemie. Lukuga unaingia Lualaba upande wa Kabalo, juu yetu. Maana yake maji ya Uvira, ya Bujumbura, ya Kigoma, mwisho wake yanapita mbele ya Nyangwe. Mwaka 2021 na tena 2024 ziwa lilipanda likaingia mitaani, watu wa Uvira na Kalemie wakahama nyumba zao. Satelaiti zilikuwa zinafuatilia kupanda huko. Na Januari 2024, mbali kabisa huko chini, mto ulifika mita 6.20 Kinshasa, karibu kufikia ile mita 6.26 ya mwaka 1961 ambayo wazee bado wanaisimulia. Siyo kwamba maji yote yale yalitoka ziwani. Mto Kongo una mikono mingi, Ubangi, Kasai na mingine, na ile ya kaskazini na ya kusini ina misimu tofauti. Lakini mwanafunzi anaweza kuchora mistari miwili kwenye karatasi moja: kimo cha Ziwa Tanganyika mwezi kwa mwezi, na kimo cha Lualaba. Namba zote mbili zinatolewa bure na huduma ya Kifaransa iitwayo Hydroweb. Atakapomaliza kuchora, atakuwa na swali lake mwenyewe, na mwalimu mwema anajua kwamba hapo somo ndipo linaanza.

Tuje kwenye picha. Satelaiti ya kwanza ya kupiga picha za ardhi kwa ajili ya utafiti wa kiraia, Landsat 1, ilirushwa tarehe 23 Julai 1972, na ndugu zake wanaendelea mpaka leo na Landsat 8 na Landsat 9. Ni zaidi ya nusu karne ya kumbukumbu. Kwetu lakini kumbukumbu hiyo ina matobo. Miaka ya 1980 kazi ile ilipewa wafanyabiashara, na picha moja ikauzwa zaidi ya dola 4,000. Chombo hakikuwa na uwezo mkubwa wa kuhifadhi picha, kilihitaji kituo cha kupokea chini yake, na Afrika ya Kati haikuwa nacho. Picha za sehemu zetu za miaka ile ni chache. Kuna watu walioishi miaka hiyo ambao kumbukumbu zao za msitu na mto zinajaza pengo ambalo hakuna kompyuta inayoweza kulijaza, na hilo nitalirudia kidogo mbele. Mwaka 2008 Marekani ilifungua hazina yote ya Landsat bila malipo. Kisha Ulaya ikaleta Sentinel-2, ya kwanza Juni 2015, inayoona kitu cha ukubwa wa mita 10 kwa 10 na kurudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 5 zikiwa mbili kazini. Na kwa kuwa Kongo ni nchi ya mawingu, kuna Sentinel-1, ya rada, ambayo wingu wala usiku haviizuii.

Nilikaa siku moja na mwalimu wa jiografia aliyekuwa amepakua picha ya Sentinel-2 ya sehemu yetu kwenye simu yake. Ilikuwa picha ya kiangazi, hewa safi. Lualaba imelala rangi ya chai ya maziwa, visiwa vyake vimejaa kijani, na kati yake mafungu ya mchanga meupe kabisa. Msitu wa kando ya vijito ulikuwa kijani cheusi, mbuga za nyasi zimekauka rangi ya kahawia, na humo mabaka meusi, alama za moto wa juma lile. Paa za mabati ziling'aa kama nukta. Watoto walisukumana kuangalia. Swali la kwanza la kila mmoja lilikuwa: kwetu ni wapi? Walipokwisha kupaona kwao, mvulana mmoja anayetega samaki na baba yake akaweka kidole kwenye fungu moja la mchanga akasema: hapa si hivi tena, mchanga umeshuka, sasa uko chini ya kile kisiwa. Mwalimu akatazama tarehe. Picha ilikuwa ya mwaka uliotangulia. Tulisubiri mtandao, tukapata ya mwaka ule, na kweli fungu lilikuwa limehama kama alivyosema. Wale watoto walielewa siku ile, bila kuandikiwa ubaoni, kwamba mto unatembea na kwamba picha ina umri. Mimi nilielewa jambo jingine pia: kijana yule angeweza kumsahihisha mtaalamu yeyote aliyeketi Ulaya akitazama picha ileile.

Kuna siri moja ya picha hizi ambayo lazima ielezwe, maana bila hiyo mtu atadhani satelaiti ni kamera ya harusi iliyopandishwa juu. Jicho la mtu linaona rangi chache tu za mwanga. Sentinel-2 inaona sehemu 13 za mwanga, nyingine hazionekani kwetu kabisa. Jani zima lenye afya hurudisha kwa nguvu mwanga fulani ulio ng'ambo ya wekundu, ambao macho yetu hayaupati. Jani linaloteseka kwa kiu huurudisha kwa uchache. Maji huumeza karibu wote. Kwa hiyo ukilinganisha mwanga mmoja na mwingine unajua shamba la mpunga linaendeleaje kabla mwenye shamba hajaona umanjano.

Na mfano bora wa siri hii umetoka Nyangwe yenyewe. Livingstone alipokuwa hapa alimaliza karatasi na wino. Akaanza kuandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Uingereza, kwa wino aliotengeneza kwa rangi ya mmea wa huku. Katika karatasi hizo yamo maelezo ya tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wa wafanyabiashara wa watumwa waliufyatulia risasi umati sokoni Nyangwe. Mama wengi, waliokuja na vikapu vyao, waliuawa palepale au wakazama mtoni. Idadi waliyokadiria wafanyabiashara wenyewe ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza ilichangia hasira iliyosababisha soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873. Lakini karatasi zenyewe zilififia, mwandiko ukachanganyika na chapa ya gazeti, mpaka hazikusomeka tena. Ndipo kundi la watafiti likiongozwa na Adrian Wisnicki likazipiga picha kwa mianga mbalimbali, kila mwanga peke yake, kompyuta ikalinganisha picha hizo, na mwandiko ukajitenga na gazeti. Matokeo yalitolewa bure kwa watu wote Novemba 2011. Mbinu hiyo ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na satelaiti kutenganisha msitu na shamba, shamba na maji. Mwalimu wa historia na mwalimu wa jiografia wa Nyangwe wanaweza kuingia darasani pamoja siku moja na kufundisha somo hili. Sijui shule nyingine duniani iliyo na haki ya kulifundisha kuliko yetu, maana wafu wa soko lile ni wa kwetu.

Niseme sasa juu ya msitu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoogopa. Mtu akisikia kwamba satelaiti inaangalia mashamba, anafikiri serikali inakuja na faini. Ukweli ni huu. Mwaka 2023 Kongo ilikuwa ya pili baada ya Brazili kwa kupoteza msitu wa asili. Mwaka huo peke yake tulipoteza zaidi ya hekta laki tano. Na utafiti uliochapishwa 2018, uliofanywa kwa picha za Landsat za 2000 hadi 2014, ulionyesha kwamba katika bonde la Kongo asilimia 84 ya msitu ulioguswa uliguswa na mashamba madogo ya mkono: panga, shoka, moto, muhogo, mpunga, mahindi. Siyo matrekta. Ni sisi, kwa njaa yetu na kwa watoto wetu wanaoongezeka.

Somo la satelaiti likifundishwa vibaya, litageuka kuwa mashtaka dhidi ya mama mwenye nusu hekta ya muhogo. Hilo silitaki, na nawaomba walimu walikatae. Satelaiti inaona kwamba miti imeanguka. Haioni kwa nini imeanguka. Mara nyingi haijui kama lile lilikuwa pori la babu ambalo halijaguswa au kichaka kilichopumzishwa miaka kumi na mwenyewe amekirudia. Haijui kwamba kijiji kizima kilihama kwa sababu ya bunduki, kikafungua mashamba mapya mahali pasipo pake. Mambo hayo yanajulikana na watu wa hapa. Mwanafunzi anayechora shamba la wazazi wake kwenye picha, akamuuliza bibi yake lililala miaka mingapi kabla ya kulimwa tena, na zamani lililala mingapi, amefanya utafiti ambao hakuna chombo cha angani kinachoweza kuufanya. Akikuta kwamba zamani lilipumzika miaka kumi na tano na sasa mitatu, atakuwa ameeleza kwa nini mavuno yanapungua, na mzee wa kijiji atamsikiliza kwa sababu ushahidi umetoka kwa bibi na kwa picha, vyote viwili. Kwa kipimo cha Landsat, shamba la nusu hekta ni kama vipande vitano na nusu tu vya picha. Kwa Sentinel-2 ni hamsini. Hiyo nayo ni hesabu nzuri ya darasa la kwanza la sekondari.

Mvua nitaisema kwa ufupi, ingawa ndiyo inayowahusu wakulima wengi. Satelaiti ya GPM, iliyorushwa Februari 2014, pamoja na wenzake, inatoa makadirio ya mvua ya dunia kila nusu saa. Ni makadirio. Kipande kimoja cha ramani yake kina upande wa kilomita kumi hivi, na sisi tunajua mvua ya kwetu: inanyesha Nyangwe sokoni na kuacha mashamba ya nyuma makavu. Ili makadirio yasahihishwe, vinahitajika vipimo vya chini, na vituo vyetu vingi vya hali ya hewa vilikufa baada ya uhuru na wakati wa vita. Ndiyo sababu ramani mbalimbali za mvua ya Kongo hazikubaliani, na wataalamu wamekuwa wakilalamika juu yake kwa miaka. Mtu anapotaka kujua kama mvua ya Maniema inabadilika, anatafuta kumbukumbu za miaka 30 na zaidi, na ni nadra kuzipata.

Shule inaweza kuanza leo. Chukua chupa ya maji ya plastiki yenye mbavu zilizonyooka, kata kichwa chake, kigeuze kiingie ndani kama faneli, weka mawe machache chini isianguke, mimina maji mpaka mawe yafunikwe, na pale maji yanapofika andika sifuri. Bandika rula. Isimamishe mahali wazi, mbali na paa na miti, ambapo mbuzi hawafiki. Kila asubuhi saa moja mtoto wa zamu anasoma na kuandika, kisha anayarudisha maji kwenye sifuri. Milimita moja ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Andikeni hata siku isiyonyesha, andikeni sifuri, maana sifuri nayo ni habari. Baada ya mwezi, mwalimu alete namba za satelaiti za siku zilezile, waone zinapopatana na zinapopishana.

Najua mtakachoniuliza. Mega za mtandao zitatoka wapi? Umeme je? Na masomo hayo ni ya lugha gani?

Swali la lugha ndilo linalonisumbua zaidi. NASA ina masomo ya bure yanayoitwa ARSET tangu 2009, mazuri sana, mengi kwa Kiingereza. Ulaya ina ya kwake, na mradi wa Umoja wa Afrika na Umoja wa Ulaya uitwao GMES and Africa umeleta mafunzo ya Kifaransa Afrika ya Kati. Kinshasa wapo OSFAC, wanaofundisha na kugawa picha za satelaiti, na waliosaidia kutoa atlasi ya misitu ya nchi yetu ya 2000 hadi 2010. Kinshasa pia iko CICOS, tume ya nchi za bonde la mto, inayotumia vipimo vya mto kutoka angani. Nairobi iko RCMRD, kituo cha kanda cha ramani kilichoanzishwa 1975. Kenya nayo ilirusha satelaiti yake ya kutazama ardhi, Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023. Vyote hivyo ni vyema. Lakini kwa Kiswahili, lugha ambayo watoto wetu wanaulizia maswali yao ya kweli, kilichopo ni kidogo mno. Mwalimu anasoma kwa Kifaransa, anafikiri, kisha anaeleza kwa Kiswahili kilicho hai, na maelezo yake yanapotea kengele ikilia. Nawaomba walimu: andikeni maelezo hayo. Kurasa mbili tatu, kwa mkono. Tutayasoma hapa redioni.

Juu ya mega, msihangaike kupakua kila kitu. Picha moja ya sehemu yetu iliyokatwa vizuri kutoka Worldview ya NASA au Copernicus Browser ya Ulaya si nzito, hata simu ya kawaida inaibeba. Mtu mmoja anayekwenda Kindu au Goma apewe orodha: picha moja ya kila kiangazi na moja ya kila masika tangu 2016, ya Nyangwe, ya Kasongo, ya Kabambare. Akirudi, kadi yake ya kumbukumbu itazunguka shule kwa shule, simu kwa simu, bila mtandao. Ambako kuna pano ya jua ya kuchajia simu, kuna somo.

Na maprefe wa shule zilizo karibu na kivuko, nina ombi moja kwenu. Kabla maji hayajapanda, simikeni nguzo ya mti mgumu mtoni, mahali ambapo mitumbwi haiigongi, ichorwe kwa rangi kila sentimita kumi. Wanafunzi waisome Jumatatu, Jumatano na Jumamosi asubuhi. SWOT inarudia mzunguko wake wote kila siku 21, kwa hiyo siku ambazo haipiti, nguzo yenu ndiyo itakayojua mto umefanya nini. Nileteeni namba hizo hapa studioni, kwa karatasi au kwa ujumbe wa simu, na jina la kijiji. Kila Jumamosi baada ya habari za jioni nitazisoma zote, za nguzo na za chupa, kuanzia za juu ya mto kwenda chini.